Mwongozo Kamili wa Kusitisha Mkataba wa Mwajiriwa au wa Mtoa Huduma Tanzania Bara kwa Kufuata Sheria

Waajiri wengi wenye biashara ndogo na za kati wanaposhindwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu wamezoea kuiita CMA, hutoka nje wakiuliza swali lilelile: mfanyakazi aliiba kweli, ushahidi ulikuwepo, sasa tumeshindwaje? Mara nyingi wameshindwa kwa sababu waliamua kwanza, kisha wakatafuta karatasi za kuufunika uamuzi wao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili kwa pamoja, yaani sababu halali na utaratibu wa haki, na mzigo wa kuthibitisha uko mabegani mwake, si mabegani mwa mfanyakazi.

Mwongozo huu unahusu sekta binafsi Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007, na watumishi wa umma wana taratibu zao. Mfanyakazi naye anaweza kuusoma ili apime kama alilotendewa lilifuata njia.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kuanza

- Mkataba wa kazi na nyongeza zake zote, pamoja na barua zozote za kupandishwa cheo au kubadilishiwa mshahara.
- Kanuni za nidhamu za ofisi, pamoja na uthibitisho kwamba mfanyakazi alizipokea au alielezwa.
- Jalada la mfanyakazi: mahudhurio, likizo, maonyo ya maandishi, tathmini za utendaji.
- Rekodi za mishahara na michango ya NSSF.
- Daftari la kupokelea barua, lenye nafasi ya tarehe, saa na saini.
- Mtu mwenye cheo cha kutosha ambaye hakuhusika na tukio, atakayeongoza kikao.
- Nakala ya Sheria na ya Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007.

Sheria za kazi zilifanyiwa marekebisho mwaka 2025, na marekebisho hayo yaligusa mambo mazito, fidia ikiwemo. Usitumie nakala ya zamani iliyokaa kabatini.

Ikiwa kimojawapo cha vitu hivi hakipo, kitafute kwanza. Daftari la kupokelea barua linaonekana dogo, lakini mfanyakazi anaposema hakuwahi kupewa barua ya wito, ndilo litakalojibu.

## Hatua ya 1: Jiridhishe kama huyu ni mwajiriwa au ni mtoa huduma

Usiridhike na kichwa cha habari cha mkataba. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi itakapothibitishwa vinginevyo, pale inapoonekana hata dalili moja kati ya hizi:

- anafanya kazi kwa kuelekezwa au kusimamiwa na mwingine;
- saa zake za kazi zinapangwa na mwingine;
- yeye ni sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi;
- amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita;
- maisha yake ya kiuchumi yanamtegemea mtu huyo;
- anapewa vifaa vya kazi;
- anamfanyia kazi mtu mmoja tu.

Mfikirie kijana anayesambaza bidhaa za duka la jumla. Mkataba wake umeandikwa "mtoa huduma wa kujitegemea", lakini anaripoti saa mbili asubuhi, anavaa fulana yenye nembo ya duka, anaendesha pikipiki ya duka, na akitaka kwenda msibani anaomba ruhusa. Huyo ni mwajiriwa, na ukimwambia kwa simu asije kesho umemwachisha kazi bila utaratibu. Kinyume chake ni fundi wa kompyuta anayekuja mara mbili kwa mwezi na mkoba wake mwenyewe, anakuletea ankara, na ana wateja wengine kumi mjini.

Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua inayowagharimu watu wengi zaidi, kwa kuwa kosa lililofanyika hapa haliwezi kurekebishwa na barua nzuri itakayofuata. Ukibaki na shaka, mchukulie mtu huyo kama mwajiriwa na ufuate hatua zote. Akiwa mtoa huduma kweli, ruka hadi Hatua ya 7.

## Hatua ya 2: Soma aina ya mkataba na muda aliofanya kazi

Mkataba wa muda usio na kikomo husitishwa kwa sababu halali na utaratibu wa haki tu.

Mkataba wa muda maalumu huisha wenyewe siku yake inapofika, lakini uangalie mambo mawili. La kwanza, ukimwacha mfanyakazi aendelee na kazi baada ya tarehe hiyo huku kila mtu amenyamaza, mkataba unaweza kuhesabiwa kuwa umeendelea. La pili, ikiwa ulimpa matarajio ya msingi kwamba utauhuisha, kwa ahadi au kwa mazoea ya kuuhuisha miaka yote, kukataa kuuhuisha kunahesabika kuwa ni kumwachisha kazi. Andika barua ya kumkumbusha tarehe ya mwisho mapema, na usimpe ahadi ya mdomo usiyokusudia kuitimiza. Kuuvunja mkataba wa aina hii katikati, pasipo makubaliano wala uvunjaji mkubwa wa masharti kwa upande wake, ni hatari sana.

Mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi 6 kwa mwajiri huyohuyo, hata kama ni kwa mikataba zaidi ya mmoja, hafunikwi na masharti ya sheria kuhusu kuachishwa kazi isivyo haki. Hilo halikupi ruhusa ya kumfukuza kama mpita njia: notisi na mshahara wa siku alizofanya kazi vinabaki kuwa haki yake, na ubaguzi umekatazwa tangu siku ya kwanza.

## Hatua ya 3: Chagua sababu halali, na ubaki nayo

Sababu zinazokubalika zinatokana na mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake wa kufanya kazi, kutopatana kwake na mazingira ya kazi, au mahitaji ya uendeshaji wa biashara.

Kila sababu ina njia yake, na kuzichanganya ni kujikaanga kwa mafuta yako mwenyewe. Mwajiri anayemtuhumu mfanyakazi kwa wizi, kisha akaona ushahidi ni dhaifu na kumwandikia barua ya "kupunguzwa kazi", anakuwa ameshindwa kuthibitisha yote mawili.

Ziko sababu ambazo hazikubaliki kabisa, zikiwemo ujauzito, ulemavu, uanachama wa chama cha wafanyakazi, kushiriki mgomo halali, na kudai haki za kisheria. Hata kama hukuitaja, ikiwa mfanyakazi alilalamika juu ya saa za ziada siku ya Jumatatu na wewe ukaanza kumtafutia makosa Jumanne, mwamuzi ataziona tarehe.

Pia usimlazimishe mfanyakazi aandike barua ya kuacha kazi. Kumfanyia mtu maisha ya kazini kuwa magumu mpaka aondoke mwenyewe huhesabika kisheria kuwa ni kumwachisha.

Utajua umeivuka hatua hii pale utakapoweza kuiandika sababu yako kwa sentensi moja, kisha ukataja nyaraka mbili au tatu zinazoithibitisha.

## Hatua ya 4: Fuata utaratibu wa sababu uliyoichagua

### Makosa ya kinidhamu

Hapa ndipo nimewaona watu wakianguka mara nyingi, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Chunguza kwanza. Kusanya maelezo ya mashahidi, picha za kamera na hesabu za stoo kabla ya kumtuhumu mtu. Ukihitaji kumsimamisha kazi ili kupisha uchunguzi, msimamishe kwa mshahara kamili. Kusimamishwa bila mshahara ni adhabu iliyotolewa kabla ya hukumu.

Mpe barua ya mashtaka. Iandike kwa lugha anayoielewa. Mlinzi ambaye hajui Kiingereza hawezi kujitetea dhidi ya barua ya Kiingereza. Taja kosa, tarehe, mahali, kanuni iliyovunjwa, siku na saa ya kikao, na haki yake ya kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. "Umekuwa na tabia mbaya" si shtaka. "Tarehe 3, zamu ya usiku, ulitoa mifuko 12 ya saruji ghalani bila hati ya kutolea mzigo" ni shtaka.

Mpe muda wa kujiandaa. Muda huo usipungue saa 48 tangu alipoipokea barua. Barua iliyokabidhiwa saa kumi jioni kwa kikao cha kesho yake saa tatu asubuhi ni ushahidi unaoutengeneza dhidi yako mwenyewe.

Mpate mwenyekiti asiye na upande. Aliyegundua kosa, aliyechunguza, au atakayetoa ushahidi asiongoze kikao. Katika biashara yenye mameneja wawili tu hili ni gumu, lakini unaweza kumleta mtu wa nje mwenye uzoefu aongoze.

Endesha kikao cha kweli. Mwajiri aeleze tuhuma na kuleta mashahidi, mfanyakazi awaulize maswali, ajitetee, alete mashahidi wake. Akionekana ana hatia, apewe nafasi nyingine ya kueleza yanayopunguza uzito wa kosa: miaka aliyotumikia, rekodi yake, hali iliyomsukuma. Mwandishi aandike kila kitu, na wote wasaini muhtasari.

Niliwahi kukaa kama mwandishi katika kikao kimoja cha ghala. Mfanyakazi alikuwa bado anajieleza, sauti yake ikikatika kila alipofika kwenye jina la msimamizi wake, pale mwenyekiti alipogeuza kurasa za jalada akitafuta kalamu. Chini ya karatasi za kikao kulikuwa na barua ya kuachisha kazi, imechapwa, imesainiwa na kupigwa muhuri, ikiwa na tarehe ya jana yake. Mfanyakazi aliiona, akanyamaza. Hakuongeza neno hata moja mpaka mwisho. Kosa lake lilikuwa la kweli, na naamini lingethibitika kwa njia ya haki, lakini barua ile ilibadili kila kitu kilichosemwa mezani siku ile kuwa maigizo.

Toa uamuzi kwa maandishi, wenye sababu, na umweleze haki yake ya kukata rufaa kwa ngazi ya juu ndani ya ofisi. Kabla ya kuchagua adhabu, linganisha na ulivyowatendea wengine kwa kosa kama hilo. Kumfukuza mtu kwa kosa la kwanza kunavumilika kwa makosa mazito, kwa mfano ukosefu mkubwa wa uaminifu, kuharibu mali kwa makusudi, uzembe uliokithiri, kumpiga mwenzake, au ukaidi wa wazi. Kuchelewa kazini kunahitaji ngazi za maonyo kwanza.

Akikataa kuja baada ya kupokea wito halali, kikao kinaweza kuendelea bila yeye, lakini hakikisha saini ya kupokea barua ipo. Na ikiwa ameshashtakiwa mahakamani kwa jinai inayofanana na tuhuma zako, simama: sheria ilizuia adhabu ya kinidhamu mpaka shauri la jinai na rufaa zake vifike mwisho, kwa hiyo pata ushauri wa wakili kabla ya kupiga hatua nyingine.

### Utendaji duni na ugonjwa

Utendaji duni haushughulikiwi kwa kikao cha nidhamu peke yake. Mfanyakazi lazima awe alijua kiwango kinachotakiwa, ameambiwa anapopungukiwa, amepewa maelekezo au mafunzo, na amepewa muda wa kutosha wa kujirekebisha. Mpango wa kuboresha utendaji wa miezi 3 wenye malengo yanayopimika, uliosainiwa na pande zote mbili, una nguvu kuliko malalamiko ya mdomo ya mwaka mzima.

Kwa mgonjwa, uliza maoni ya daktari, angalia muda ambao atakuwa nje, na tafuta kama ipo kazi nyepesi anayoweza kuifanya, hasa ikiwa aliumia kazini. Zungumza naye kabla ya kuamua.

### Kupunguza wafanyakazi

Toa notisi ya kusudio la kupunguza mara tu wazo hilo linapoanza kufikiriwa, si baada ya orodha ya majina kukamilika. Wape taarifa zote muhimu, kisha fanya mashauriano na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa, au na wafanyakazi wenyewe pale wasipowakilishwa. Mashauriano yaguse sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuchagua watakaoondoka, muda, na kiinua mgongo.

Mkikubaliana, wekeni saini. Msipokubaliana, suala hupelekwa Tume kwa usuluhishi, na ndani ya siku 30 za usuluhishi huo usimpunguze mtu. Hatua hii ikifanyika vizuri utabaki na mihtasari inayoonyesha kwamba angalau jambo moja katika mpango wako lilibadilika baada ya kuwasikiliza. Mihtasari ambayo mwajiri anaongea mwanzo mpaka mwisho haithibitishi mashauriano.

## Hatua ya 5: Andika notisi sahihi

Notisi iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe iliyotolewa. Kima cha chini ni hiki:

- siku 7, ikiwa inatolewa ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira;
- siku 4 baada ya hapo, kwa aliyeajiriwa kwa siku au kwa wiki;
- siku 28 baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi.

Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa pande zote mbili. Unaweza kumlipa badala ya kumtaka afanye kazi kipindi cha notisi. Usitoe notisi akiwa likizoni wala usiihesabu sambamba na likizo, kwa kuwa sheria imelikataza hilo moja kwa moja.

## Hatua ya 6: Kokotoa na kulipa stahiki zote

Kwa kawaida malipo ya mwisho yanajumuisha mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua, sehemu ya likizo iliyolimbikizwa katika mzunguko ambao haujakamilika, notisi kama hakuitumikia, kiinua mgongo kama anastahili, na usafiri wa kurudi mahali alipoajiriwa kama alitolewa mbali. Usafiri unapochelewa kwa sababu yako, anastahili posho ya kujikimu ya kila siku mpaka siku ya kusafirishwa. Kipengele hiki kimewahi kuwafanya waajiri wadaiwe fedha nyingi kuliko mshahara wenyewe. Mpe pia cheti cha utumishi.

Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa kikomo cha miaka 10, kwa mfanyakazi aliyetimiza angalau miezi 12 mfululizo. Hakilipwi kwa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, kwa aliyefikia umri wa kustaafu, kwa ambaye mkataba wake umeisha muda, wala kwa aliyekataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyopewa.

Tuchukue mfano. Karani wa ghala anapunguzwa kazi baada ya miaka 4 na miezi 7. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 520,000, anafanya kazi siku 6 kwa wiki, na likizo za miaka minne ameshazichukua.

- Mshahara wa siku: 520,000 kugawanya kwa 26 (yaani wiki 4.333 mara siku 6) ni 20,000.
- Kiinua mgongo: siku 7 × miaka 4 × 20,000 = 560,000. Miezi 7 ya ziada haihesabiwi hapa.
- Likizo ya miezi 7: siku 1 kwa kila siku 13 za kazi. Siku 182 (miezi 7 × siku 26) kugawanya kwa 13 ni siku 14, sawa na 280,000.
- Notisi ambayo hakuitumikia: waajiri wengi hulipa mshahara wa mwezi mzima, 520,000.

Jumla ni shilingi 1,360,000 kabla ya mshahara wa siku alizofanya kazi mwezi huo, usafiri na makato ya kisheria. Kiinua mgongo hakichukui nafasi ya mafao yake ya NSSF, kwa hiyo hakikisha michango imelipwa hadi mwezi wa mwisho.

Andika mchanganuo huu kwenye karatasi, mpe nakala, na mpe nafasi ya kuuliza kabla hajasaini. Usimlazimishe kusaini maneno "sina dai lolote" ili apewe fedha ambazo tayari ni haki yake.

## Hatua ya 7: Kwa mtoa huduma wa kujitegemea

Hapa unaongozwa na mkataba wenyewe pamoja na Sheria ya Mikataba. Hakuna kikao cha nidhamu wala kiinua mgongo, lakini zipo wajibu nyingine.

Soma kifungu cha kusitisha na ukifuate neno kwa neno, ikiwemo njia ya kufikisha taarifa. Mkataba ukisema barua kwa mkono, ujumbe wa simu hautoshi. Ikiwa mkataba haukutaja muda wa notisi, toa muda unaoendana na ukubwa wa kazi.

Ikiwa unasitisha kwa sababu amevunja masharti, mwandikie ukitaja kifungu alichokivunja na umpe siku za kurekebisha, pale ambapo kosa linarekebishika. Kisha kagueni pamoja kazi iliyofanyika, mkubaliane thamani yake kwa maandishi, na umlipe sehemu hiyo baada ya kukata kodi ya zuio inayohusika na kumpa hati yake. Pokea vifaa, funguo, nywila na nakala za kazi kwa orodha iliyosainiwa na wote wawili.

Usijitungie faini. Anayevunja mkataba hulipa fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo, na hata pale mkataba ulipotaja kiasi cha adhabu, mahakama hutoa fidia inayofaa isiyozidi kiasi hicho. Kushikilia malipo yote ya fundi kwa sababu ya dirisha moja lililopinda kunakugeuza wewe kuwa mvunja mkataba.

## Hatua ya 8: Funga jalada, na ujiandae kwa Tume

Panga nyaraka kwa mpangilio wa tarehe: uchunguzi, mashtaka, wito, muhtasari, uamuzi, rufaa, notisi, mchanganuo wa malipo, uthibitisho wa benki, cheti cha utumishi. Mpe mtu asiyejua habari hiyo asome jalada. Akiweza kukusimulia kilichotokea bila kukuuliza swali, jalada limekamilika.

Mfanyakazi ana siku 30 tangu kuachishwa kazi kupeleka mgogoro Tume kwa fomu namba moja, na siku 60 kwa migogoro mingine. Shauri huanza kwa usuluhishi, na likishindikana hapo huenda kwenye uamuzi. Asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi wa mwisho wa Tume, ana wiki 6 kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iifanyie mapitio.

Siku ya usuluhishi mtume mtu mwenye mamlaka ya kukubali kiasi fulani papo hapo, si karani atakayesema lazima akaulize ofisini. Na usipuuze wito hata kama unaamini dai halina msingi, kwa sababu mlalamikiwa asipofika msuluhishi ana mamlaka ya kuamua shauri bila yeye.